Mahema ya Barafu Niliyoyaziba Matundu

Wanangu, wiki iliyopita Haitham kanitumia sauti kwenye simu. Haitham ndiye mwenye karakana ya mahema pale Ibra, huku kwetu Oman, kairithi kwa baba yake, na mimi nimeshona humo miaka thelathini na moja mpaka nilipoacha kazi baridi ya mwaka jana. "Mama Zuwena," ananambia kwa ile sauti yake laini ya kuuzia, "vijana wanakuamini. Hebu waeleze hema lipi rahisi na jepesi la kuvulia samaki na kupandia jabali. Dakika mbili tu, nitaziweka kwenye ukurasa wa duka." Nimeisikiliza mara tatu, na mara zote tatu damu imenipanda kichwani. Haya, nitawaeleza. Lakini si kwa dakika mbili, na yeye hatoyapenda.

Kabla ya jengine lolote, sikilizeni hili. Kama nyumbani kwenu mna hema jekundu na jeusi, lisilo na sakafu, linalosimama kwa kuvuta kamba katikati ya kila ukuta, na mfuko wake una picha ya Mzungu kavaa kofia ya manyoya kakaa juu ya barafu, litoeni sasa hivi mulitazame juu, karibu na dari. Mukiona vidirisha viwili vidogo vimezibwa kwa mshono wa uzi mweupe, mistari miwili miwili, mshono huo ni wangu. Ufumueni leo. Nimeyashona hivyo mahema arubaini. Thelathini na tatu nimeshayafumua kwa mkono wangu mwenyewe. Saba sijui yako wapi, na baridi ikiingia sipati raha.

Sasa mnajua kwa nini nina hasira. Tuendelee.

Mnataka hema jepesi. Kila anayeingia dukani, neno la kwanza, "Bibi, uzito gani?" Kama vile mtabeba begani kutoka Ibra mpaka Sur. Mna gari zenu za kupandia mchanga, kubwa kuliko chumba nilichozaliwa, halafu mnaniuliza uzito. Uliza kwanza nguzo zake zinakunjika au zinakatika. Uliza zipu, ni ya chuma au ya plastiki, maana ya plastiki ikishaingia chumvi ya pwani na vumbi, mwezi wa pili unalala mlango wazi. Na hema jepesi lifungwe namna gani upepo ukija? Vigingi vile vinavyokuja mfukoni, vyembamba mfano wa sindano za kufumia, kwenye mchanga wa jangwa la Bidiya havishiki hata nguo ya kuanikwa. Chukua mfuko, ujaze mchanga, ufunge kamba katikati, uchimbe, uufukie umelala. Hapo hema halendi pahala. Hiyo ni bure, na Haitham hawezi kukuuzia.

Hilo nilifunzwa na Ammi Khalfan, Mungu amrehemu. Kama kuna mtu alinitoa ujinga, ni yeye. Alizaliwa Unguja, Ng'ambo, akajifunza huko huko kushona magodoro na viti vya magari, akaja huku katika miaka ya sabini na mkasi wake kwenye mfuko wa suruali. Baba yake Haitham alipofungua karakana, yeye ndiye alikuwa fundi mkuu, na mimi nikaajiriwa nimkatie nyuzi. Kiswahili chake cha mjini khasa, matusi yake ya Kiarabu, na yote mawili alinigawia bila ya choyo.

Ammi Khalfan alikuwa na kawaida moja. Hema likishamalizika, tunalisimamisha uani jua la saa sita, yeye anaingia ndani, anafunga mlango, anakaa chini anatazama juu. Penye nukta ya mwangaza, anaweka kidole. "Hapa panaingia jua, basi na mchanga utaingia. Shona." Mara nyingine vidole havimtoshi, ananita nami niweke vyangu. Siku moja mimi nikajifanya mjuzi. Tulikuwa tunashona majlisi ya kambi moja ya kitalii kule Bidiya, hema la kukaribishia wageni, la manyoya ya mbuzi, nikaona wageni watasikia joto, nikaacha kidirisha juu bila kumwambia mtu. Upepo ukavuma siku ya kufunguliwa kambi. Mkubwa mmoja wa serikali akatia kidole kwenye halwa, akapeleka mdomoni, tukasikia meno yanavyosaga. Ammi Khalfan hakunitukana siku ile, na hilo likaniuma zaidi. Tangu siku hiyo mimi tundu nikiliona, mkono wangu wenyewe unatafuta sindano.

Basi hiyo ndiyo skuli yangu. Na ilikuwa skuli nzuri, kwa kitambaa cha zamani. Manyoya ya mbuzi yanapumua. Turubali la pamba linapumua. Katika majlisi zile tumeweka seredani, jiko letu la mkaa, kutwa nzima, dele ya kahawa haipoi, watu wanaingia na kutoka, na sijaona mtu kuumwa hata kichwa. Ammi Khalfan hakunifundisha kuogopa moto ndani ya hema kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuona sababu. Amekufa hajalijua hema la plastiki. Bahati yake.

Haya, tuje kwa mahema ya barafu.

Haitham alirudi safari zake za Dubai na mzigo wa mabaki, mahema arubaini aliyoyapata kwa bei ya kutupa kwa mfanyabiashara mmoja huko. Akamwaga moja uani, akavuta kamba tano, hema likasimama kabla sijamaliza kusema bismillahi. Nikaingia ndani, natazama chini, ni simiti ya uani. "Sakafu iko wapi?" nikamuuliza.

"Halina sakafu, Mama. Huko kwao ziwa linaganda, wanalisimamisha juu ya barafu, wanatoboa tundu hapo hapo ndani, wanakaa wanavua."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta wa hema, na ukuta ukanishika. Watu wazima, wamekaa juu ya maji, ndani ya hema, wanateremsha mshipi tunduni. Subhanallah, kila mtu na riziki yake. Lakini nitasema haki: nililipenda. Kitu kizuri kimeshonwa vizuri, na fundi hawezi kujizuia. Unalibeba mkono mmoja. Chini lina pindo refu la kufukia kwa theluji, mimi nikalifukia kwa mchanga wa uani, nikamwambia Haitham alisukume, halikutikisika. Ndani limetiwa pamba iliyotarizwa kama kitanda cha harusi, na nje na ndani kitambaa chake kinateleza, kina mng'aro. Nikalipapasa nikasema, hili halitopitisha baridi ya mlimani Jabal Akhdar. Nilipaswa niliweke mdomoni nipulizie. Hilo jifunzeni kwangu: kitambaa chochote cha hema, kiwekeni mdomoni mpulizie. Pumzi ikirudi usoni kwako, jua humo ndani hewa haipiti, na mtakayoivuta ni ile ile mliyoitoa. Kazi ya sekunde tatu. Mimi sikuifanya, na miaka yangu yote ile.

Na mfukoni kulikuwa na karatasi. Maneno ya Kiingereza, mimi Kiingereza sikusoma. Nasoma Kiswahili, na Kiarabu cha msahafu. Lakini ilikuwa na picha: hema, ndani yake moto, na mishale miwili inapanda inatoka kwenye vile vidirisha vya juu. Haitham kasoma Maskati, Kiingereza anakizungumza mpaka usingizini. Nikampelekea. "Karatasi hii inasema nini?"

Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Maneno ya kampuni tu, Mama. Usijishughulishe."

Na mimi kweli sikujishughulisha. Hapo ndipo panaponichoma. Nilikuwa nimeishika picha mkononi, nimeiona, nikajiambia mishale ile ni joto linapanda juu. Nikaikunja nikaitia kwenye pipa.

Baada ya siku chache hema la kwanza likarudi. Kijana mmoja wa kambi kalipeleka Bidiya, upepo umepiga, mchanga umeingia kwa vile vidirisha, magodoro yamejaa. Haitham kaja nalo mbio, "Mama, litazame hili." Hakuniambia niyazibe matundu. Nisimsingizie. Ni mimi niliyeingia ndani, nikakaa chini, nikatazama juu, nikaona mwangaza unaingia pahala pawili, nikafurahi kama niliyeokota. Siku tatu nimekaa cherahanini. Kila kidirisha nimekitia kiraka ndani na kiraka nje, uzi mweupe wa nailoni, mistari miwili, kona nimezigeuza vizuri ili ionekane pambo. Haitham akaandika dukani kuwa haya yametengenezwa upya na fundi wetu kwa hali ya Oman. Na mimi nikalisoma lile tangazo nikavimba kichwa.

La mwisho nilimpa Maitha, mtoto wa binti yangu. Anasoma Nizwa. Zawadi ya bibi.

Baridi ile wakapanda Jabal Akhdar kifamilia, wanaume hema lao, na Maitha na binti ammi yake, Rayya, wakalala kwenye hili langu. Kesho yake mchana walikuwa na harusi Nizwa, wamechukua na nguo zao. Sasa nyinyi mnajua nguo za harusi kwetu haziendi hivi hivi bila ya kufukizwa udi. Baada ya sala ya alfajiri, nje maji yameganda kwenye ndoo, watoto wa watu wakafanya alichofanya mama yangu na bibi yangu. Wametundika nguo ndani ya hema, wametia seredani ya mkaa, wameweka chetezo na udi, wamefunga zipu mpaka chini ili moshi usipotee, uingie nguoni na nywelini. Wakakaa humo wanasukana. Na hema limetiwa pamba, na pindo limefukiwa, na matundu nimeyaziba mimi.

Ule moshi wa udi unaonekana, na unanukia vizuri. Ile sumu ya mkaa haionekani na hainuki. Maitha anasema aliona kichwa kizito, akadhani udi umezidi. Rayya akasema naona usingizi, akalala kwenye paja lake. Maitha akataka kuinuka, miguu ikakataa. Ammi yake ndiye aliyekwenda kuwaita kuwa wanachelewa, hawajibu, akacheka, akadhani wanajipamba. Akaita tena. Alhamdulillahi ni mtu asiye na subira. Akavuta zipu.

Mimi nilifika hospitali na chupa ya supu. Daktari kasimama pale anamuuliza Maitha, kavishwa bomba la hewa usoni, "Hema lenu halikuwa na matundu?" Na mtoto akalisogeza lile bomba akamjibu kwa adabu, "Lilikuwa nayo, daktari. Bibi yangu kayashona." Hakunilaumu. Alisema kama mtu anayeulizwa jina. Ningependa angenilaumu.

Maitha mzima leo. Rayya anatembea, anakula, anacheka. Lakini anaanza maneno hayamalizi. Alikuwa anasoma uhandisi, hesabu zake mwenyewe sasa zinampotea, mwaka huu kakaa nyumbani. Mama yake akinikuta harusini ananisalimia vizuri sana. Mimi sili kitu penye harusi alipo.

Nilipotoka hospitali nilikwenda karakana moja kwa moja. Nikamwambia Haitham yatafutwe mahema yote, yafumuliwe, na watu waambiwe.

"Mama, wao ndio walioingiza moto ndani. Kosa lao."

"Watu wetu watakosa kuingiza moto ndani? Mamako hafukizi nguo?"

Akaitia simu mfukoni. Halafu akaniteremshia sauti, kama ananisaidia mimi. "Ukitangaza, watu watauliza nani aliyeshona. Jina lako hili, Mama. Miaka yote hii."

"Watauliza, na watajibiwa," nikamwambia. Nikavua utepe wa kupimia shingoni, nikauweka juu ya cherahani yangu, na huko ndiko kustaafu kwangu. Hakukuwa na keki. Lakini sikutoka mpaka alipofungua simu yake na kunisomea kila mteja aliyemwandikia kuhusu mahema yale, mmoja mmoja, na mimi naandika. Waliokuja wakalipa mkononi wakaondoka, hao hakuna anayewajua. Hao ndio nawasemesha hapa.

Msidhani watu walinishukuru. Kule Misfat bwana mmoja alinifungia mlango, akadhani nauza kitu. Nizwa bibi mmoja akanambia hema lake halina neno, yeye huweka chetezo mlangoni, na mlango huo huo ameufunga. Nimegombana na wazee wenzangu, nimegombana na watoto. Maitha ndiye anayeniendesha, anakaa garini, ananisikia ninavyopiga kelele, halafu ananipa maji.

Mwezi uliopita tukateremka Sur. Kijana mmoja, Hamdan, mamake mtu wa Pemba, huvua kwa mshipi pwani nje kidogo ya mji kila mapumziko, yeye na mkewe na mwanawe wa kike wa miezi minane. Asubuhi ile upepo ulikuwa mkali, mchanga unatupiga miguuni. Hema langu limesimama imara, pindo limefukiwa kama ninavyotaka mimi. Hamdan katuona akaacha mshipi wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hema hili umenunua Ibra?"

"Ibra. Na wallahi, bibi, nimenunua mengi, lakini hili ndilo hema. Wenzangu wote hapa mchanga unawajaa mpaka kwenye wali. Hili halipitishi punje." Akanionesha juu kwa kidole. "Tazama pale walivyoziba. Tazama mshono ule. Aliyeshona pale, Mungu amlipe."

"Aliyeshona ni mimi," nikamwambia, na nishatoa kisu changu cha kufumulia. Nikapanda juu ya sanduku lake la barafu la samaki, nikaanza upande wa nje. Akanishika mkono.

"Bibi, unaniharibia hema. Mchanga utaingia."

"Uingie," nikamwambia. "Ujae. Ule mchanga mpaka ushibe. Niwache mkono." Nikampigia kelele mbele ya wavuvi wote, nikamtajia Rayya, nikamtajia harusi, mkaa, usingizi, yote, na kisu kinakwenda. Aliponiwacha mkono niliona uso wake umebadilika rangi. Akakimbilia mlangoni, akavuta zipu, akaingia, akatoka na seredani imewaka, birika la chai juu yake, akaimwaga yote mchangani.

Mkewe akatoka nyuma yake, anashika kichwa, kambeba mtoto kalala begani.

"Kalala tangu lini huyu?" nikamuuliza.

"Tangu tulipokunywa chai," akasema, na bado hajafahamu, anatabasamu. "Leo kalala vizuri, bibi. Hajapata kulala hivi."

Daktari wa Sur alikuja kumpima baadaye akasema mzima, hewa aliyopata pale nje imemtosha. Lakini pale pwani hapana kati yetu aliyelijua hilo. Nikampokonya mama yake mtoto, nikageuka naye kwenye upepo, nikamvua soksi, nikampiga nyayo. Hakufumbua macho. Nikampiga tena. Mama yake akaniuliza kwa nini namtesa mtoto, akanivuta buibui, na Maitha akamzuia. Nikampiga mara ya tatu, kwa nguvu, kwa hasira zangu zote, na mtoto akakunja uso, akafungua kinywa, akalia. Akalia kwa ghadhabu, amenikasirikia mimi, mchanga unamwingia mdomoni, na mimi namwambia lia, lia bibi yangu, usinyamaze.